Metformin na Ganzi ya Miguu: Somo Lililochelewa Nusu Karne

Mwaka 1957 daktari Mfaransa Jean Sterne alichapisha matokeo ya kutibu kisukari kwa metformin. Mwaka 1971 watafiti waliandika nchini Uingereza kwamba baadhi ya wagonjwa walioitumia kwa muda mrefu walishindwa kufyonza vitamini B12 ipasavyo. Hata hivyo, ilikuwa mwaka 2022 ndipo mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ilipotamka kwamba upungufu huo ni athari ya kawaida ya dawa hii.

Pengo hilo la miaka 51 linatuhusu sisi wa Mbeya na Iringa. B12 hupatikana katika nyama, maziwa, mayai na samaki. Haimo katika ugali wala maharage. Mzee aliyemeza metformin miaka mingi akilalamikia ganzi ya miguu, ni rahisi kuambiwa ni sukari. Huenda ni sukari. Huenda pia ni upungufu wa B12, unaotibika, lakini ukipuuzwa huharibu neva moja kwa moja. Kipimo cha damu husaidia kutofautisha.

Dawa isiachwe, ni nafuu na ina manufaa makubwa. Tunachodai ni kipimo hicho kiingizwe katika kliniki za kisukari, na usipa wa Kyela na maziwa ya Rungwe vimfikie mgonjwa. Ujuzi uliokaa makabatini nusu karne hauna budi kushuka hadi zahanati.