Nguo za Brauron na Hofu ya Uzazi

Mashariki ya Athens, kwa umbali usiofika kilomita 40, mto Erasinos unaingia baharini kwenye bonde la majimaji liitwalo Brauron. Wagiriki wa leo hupaita Vravrona. Hapo zamani palikuwa na patakatifu pa Artemis, mungu wa kike wa mawindo, wanyama wa mwituni na uzazi. Mwanaakiolojia Ioannis Papadimitriou alianza kupachimbua mwaka 1948, akaendelea hadi alipofariki mwaka 1963, na vingi alivyovitoa ardhini vimewekwa katika jumba dogo la makumbusho si mbali na magofu. Vitabu hupakumbuka kwa jambo moja: wasichana wadogo wa Athens walipelekwa huko kuwa “dubu” wa Artemis. Kwa sababu hiyo wataalamu wengi wamepaeleza kuwa mahali pa kuwafunda mabinti na kuwatoa utotoni. Maelezo hayo hayatoshi. Ukivitazama vitu vyenyewe, kilichowapeleka watu Brauron kizazi baada ya kizazi ni hofu ya mwanamke kufa akijifungua na ya mtoto kufa angali mchanga.

Habari za dubu zenyewe hazina shaka. Aristophanes, katika tamthilia yake ya Lysistrata iliyochezwa mwaka 411 KK, anawataja wanawake waliowahi kuwa dubu wa Brauron wakiwa na vazi la rangi ya zafarani. Masimulizi ya kale yanasema dubu aliyefugwa alimparura msichana, kaka zake wakamuua, Artemis akakasirika na kuleta maradhi. Fidia yake ikawa kila binti amwigize dubu kabla ya kuolewa. Vimechimbuliwa pia vyungu vidogo vilivyochorwa wasichana wakikimbia, wengine uchi, wengine na vazi fupi. Msomaji wa pwani yetu ataona unyago humo, na kweli wasomi wa Ulaya waliilinganisha ibada hii na jando na unyago wa mataifa mengine. Lakini unyago wa pwani, kwa desturi, humngoja mwari avunje ungo. Dubu wa Brauron, kwa maelezo ya wafafanuzi wa kale wa Aristophanes, walikuwa na umri wa kati ya miaka mitano na kumi. Mtoto wa miaka sita hafundwi mambo ya ndoa. Anawekwa chini ya ulinzi wa mungu mwenye uwezo wa kumwacha akue au kumchukua.

Ushahidi mzito zaidi ni nguo, ingawa haikubaki hata moja. Wanawake walimpelekea Artemis mavazi yao, na wasimamizi wa patakatifu wakayaorodhesha juu ya mawe: jina la mwanamke, aina ya vazi, rangi, mapambo, na pengine kama lilivikwa sanamu au liliwekwa sandukuni. Orodha zilizosalia ni za karne ya 4 KK. Baadhi ya nguo zimeandikwa kuwa zimechakaa, nyingine kuwa hazijamalizwa kufumwa. Euripides, mwishoni mwa tamthilia yake ya Iphigenia miongoni mwa Watauri, anasema kwamba Iphigenia atakuwa kuhani wa Brauron, atazikwa huko, na ataletewa nguo za wanawake waliokufa kwa uzazi. Hapa mpinzani ana hoja: mawe hayasemi kwamba wenye nguo walikuwa wamekufa, na mshairi si karani. Ni kweli, na wale wanaozihesabu nguo ambazo hazijamalizwa kuwa ni za marehemu wanabuni tu. Lakini hoja yangu haihitaji wawe wamekufa. Aliyejifungua salama alitoa vazi kwa shukrani, na ndugu wa aliyefariki, kama Euripides anavyosema, walilitoa kwa msiba. Wote wawili walikuwa wamepita mlango mmoja.

Kisha zipo sanamu za watoto, ambazo nadhani ndizo zinazoiangusha tafsiri ya unyago. Ni za marumaru, watoto wenye mashavu manene, wengine wameshika ndege au mnyama mdogo, na miongoni mwao wamo wavulana. Kama Brauron ilikuwa shule ya mabinti, mvulana anatafuta nini pale? Jibu lipo kwenye michongo ya nadhiri: familia nzima, baba, mama na watoto, inaelekea madhabahuni na mnyama wa kafara. Mtu atasema marumaru ni ushahidi wa matajiri peke yao. Kwa sanamu nakubali. Vyungu vidogo, hata hivyo, ni vya udongo uliofinyangwa kwa haraka, na vimepatikana kwa wingi. Serikali nayo haikukaa kando: ukumbi mkubwa wenye nguzo ulijengwa pale katika miaka ya 420 KK, Athens ikiwa vitani na Sparta, miaka michache baada ya tauni kuua watu wengi mjini. Artemis wa Brauron alikuwa pia na eneo lake juu ya Acropolis, karibu na lango, na nakala za orodha za nguo zilisimamishwa huko. Mji uliowanyima wanawake kura uliyachonga majina yao hadharani kwa sababu ya nguo walizozitoa.

Mto Erasinos ulifurika, na katika karne ya 3 KK patakatifu pakaachwa. Tope lake lilivifunika vioo vya shaba, mapambo na hata vitu vya mbao, ambavyo kwa kawaida huoza visionekane tena. Jumba la makumbusho linajivunia mchongo mzuri wa Zeus, Leto, Apollo na Artemis, na wageni wengi hukimbilia huo. Ukipata nafasi ya kwenda, anza na vioo vile na watoto wa marumaru, kisha ndipo uitazame miungu.