Kutoka Mulago hadi Pua ya Paka

Daktari wa mifugo anapokuta limfoma katika pua ya paka, yaani saratani ya chembe nyeupe za damu iliyojazana ndani ya tundu la pua, ana njia mbili kuu za kuitibu: mionzi na dawa. Dawa zilizozoeleka ni siklofosfamidi, vinkristini na prednisoloni, ambazo tangu miaka ya 1980 paka hupewa kwa pamoja. Mwanafunzi wa historia anaweza kudhani kwamba habari hii haimhusu. Lakini tumezoea kusikia kwamba dawa huanzia kwa wanyama ndipo zije kwa watu. Panya wa maabara walitangulia, ni kweli, ila paka alikuja baada ya mtoto. Na baadhi ya watoto hao walikuwa Kampala.

Mwaka 1957, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Kisu hakikuwafaa watoto wa aina hiyo. Mwaka 1961, yeye na madaktari wenzake Ted Williams na Cliff Nelson walisafiri kwa gari kuukuu karibu kilomita 16,000, kutoka Uganda hadi Afrika Kusini na kurudi, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama uvimbe huo unaonekana huko. Walikuta umeenea penye joto na mvua, na ni nadra katika nyanda za juu zenye baridi.

Jambo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kile ambacho hakikuwapo. Kampala haikuwa na mashine ya mionzi. Ulaya, mgonjwa wa limfoma angepelekwa kwenye mionzi. Mulago walibaki na dawa tu. Burkitt aliwapa watoto methotreksati, siklofosfamidi, kisha vinkristini. Wengine walipata dozi chache mno, na uvimbe ukanywea ndani ya siku. Baadhi yao walipona kabisa. Hivyo uhaba wa vifaa ulisaidia kuonyesha kwamba uvimbe wa saratani unaweza kuponywa kwa dawa peke yake. Mwaka 1967 kikaanzishwa kituo cha kutibu limfoma, chini ya Mmarekani John Ziegler. Alipoondoka mwaka 1972, wakati wa Idi Amin, Mganda Charles Olweny alikiongoza na hakikufungwa.

Simulizi nyingi humtukuza Burkitt peke yake, hata ugonjwa wenyewe ukapewa jina lake. Watoto waliochomwa sindano hizo hawatajwi, ingawa miili yao ndiyo iliyotoa ushahidi.

Leo paka mwenye limfoma ya pua, akiwa mahali penye mashine, hupata mionzi na dawa pia, kwa kuwa ugonjwa wake mara nyingi hubaki sehemu moja. Kwetu Rwanda, kituo cha saratani cha Butaro kilifunguliwa mwaka 2012 kikiwa na dawa. Mionzi ilikuja mwaka 2019, katika hospitali ya jeshi iliyoko Kanombe, hapa Kicukiro. Kwa miaka saba katikati, Butaro ilikuwa kama Mulago ya Burkitt: dawa zipo, na anayehitaji mionzi aitafute nje ya nchi.