Undugu, Usalama na Simulizi za Wageni katika Mwambao wa Ilagala

Mwambao wa Ziwa Tanganyika ulio kusini mwa mji wa Ujiji, mkoani Kigoma, ambako Mto Malagarasi unapita Ilagala na kuingia ziwani, umepokea wageni kwa vizazi vingi, na simulizi zao zinaonyesha kwamba mgeni aligeuka mwenyeji kwa kupata jamaa wa kumkinga, wala si kwa wingi wa miaka aliyokaa.

Katika karne ya 19, misafara ya pembe na watumwa ilipokuwa ikifika Ujiji, mtu asiye na jamaa aliweza kukamatwa na kuuzwa, na kwa sababu hiyo wafanyabiashara na wenyeji walifungana kwa undugu wa kuchanjiana, yaani mapatano ambayo watu wawili wasio wa ukoo mmoja walichanjana na kuonjeshana damu ili kila mmoja awe na haki ya kulindwa na mwenzake. Mfanyabiashara Hamed bin Muhammed, maarufu kama Tippu Tip, alifika mbali zaidi: katika tawasifu yake, yaani habari za maisha yake alizozieleza mwenyewe, anasimulia jinsi alivyomwaminisha mtawala Kasongo Rushie, magharibi ya ziwa, kwamba bibi yake yeye Tippu Tip alikuwa wa ukoo wa mtawala huyo na alitekwa zamani, na kwa hadithi hiyo, anayoieleza bila haya yoyote, akakabidhiwa utawala.

Mauaji ya Wahutu nchini Burundi mwaka 1972 yaliwaleta wageni wengine, ambao wengi wao walipelekwa kwenye makazi, yaani maeneo ya kilimo yaliyotengwa na serikali kwa ajili ya wakimbizi, kama Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo, huku wengine wakijitafutia hifadhi mijini na katika vijiji vya Kigoma. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1995, alionyesha kwamba watu wa Mishamo walisimulia historia ya taifa lililodhulumiwa na litakalorejea kwao, ilhali waliokuwa mjini Kigoma, wakiwa wameoana na wenyeji na wakizungumza Kirundi kinachokaribiana sana na Kiha, mara nyingi hawakujitaja kuwa wakimbizi kabisa. Ni makosa kuuita ukimya huo usahaulifu, kwa kuwa aliyeishi nje ya makazi bila ruhusa alikingwa na wakwe, majirani na jina asilolitangaza.

Serikali ya Tanzania ilipowafungulia wakimbizi hao mlango wa uraia mwaka 2007, watu zaidi ya 162,000 wa makazi walikubaliwa, na vyeti vikaanza kutolewa kwa wingi mwaka 2014. Waliojihifadhi vijijini Kigoma hawakuwamo katika mpango huo.