Brenda Milner, penseli na kioo

Haya, leo tuache programu kidogo. Nataka niwasimulie habari za Brenda Milner, mwanasaikolojia aliyezaliwa Manchester, Uingereza, mwaka 1918, kisha akafanya kazi Montreal, Kanada, na Wilder Penfield, bingwa wa upasuaji wa ubongo.

Sisi watu wa tarakilishi twajua uchungu wa stima kupotea kabla hujahifadhi kazi. Sasa fikiria binadamu aliye hivyo kila siku. Mwaka 1953, huko Hartford, Marekani, daktari William Scoville alimpasua Henry Molaison, kijana wa miaka 27 aliyeteswa na kifafa. Alimtoa sehemu ya ubongo pande zote mbili, pamoja na kiasi kikubwa cha hipokampasi. Kifafa kilipungua, lakini Henry hakuweza tena kuweka jambo jipya akilini.

Milner alipanda treni kwenda kumpima. Akakuta akili ni timamu. Henry aliweza kushika nambari kwa dakika kadhaa akiirudiarudia. Ukimkatiza tu, imekwenda. Kila Milner aliporudi, ilibidi ajitambulishe upya. Yeye na Scoville walichapisha matokeo mwaka 1957.

Wengi wangefunga faili hapo. Milner akampa Henry penseli afuatishe mistari ya nyota huku akiuona mkono wake kwenye kioo tu. Jaribu nyumbani uone mkono unavyokwenda kombo! Alirudia mara 30 kwa siku tatu. Henry hakukumbuka kuwahi kuifanya kazi ile, lakini makosa yake yalizidi kupungua. Mkono ulijifunza bila mwenyewe kujua!

Kabla ya hapo wanasayansi wengi waliamini kumbukumbu imetapakaa ubongo mzima. Kumbe si ghala moja: matukio yana njia yake, na ujuzi wa mikono una yake.

Kinachonigusa ni kwamba kazi hii ilitaka penseli, kioo na subira ya kukaa na mtu asiyekukumbuka. Tusisahau pia aliyelipa gharama. Scoville mwenyewe aliwaonya madaktari wenzake dhidi ya upasuaji ule. Henry alifariki mwaka 2008, na hadi siku hiyo majarida ya sayansi yalimwita H.M. tu.

Kwa hiyo ukihifadhi faili yako leo, mkumbuke.