Ng'ombe Akiingia Mjini, Polisi Wafanyeje?

Ijumaa jioni ya Juni 14, 2024, ndama jike wa miezi 10 alitoroka malishoni na kuingia mitaa ya makazi magharibi mwa London, karibu na mpaka wa jiji hilo na Surrey. Polisi wa Surrey walihangaika naye kwa saa kadhaa bila kumtia mkononi. Mwishowe, katika mtaa mmoja wa Feltham, dereva wa gari la doria alimgonga. Ndama akaanguka, akajizoazoa, na gari likamgonga tena. Mkazi mmoja alirekodi yote kwa simu, na kesho yake video hiyo ilikuwa imeenea kila kona.

Ndama huyo, Beau Lucy kwa jina, hakufa. Alipata jeraha mguuni na michubuko, akarudishwa kwa wenzake. Waliochemka ni watu. James Cleverly, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, aliandika hadharani kwamba haoni sababu ya kitendo kile, akataka maelezo ya haraka. Uchaguzi mkuu ulikuwa umebakiza chini ya wiki tatu, na hakuna mwanasiasa aliyetaka kuonekana yuko upande wa gari. Ofisa aliyekuwa kwenye usukani aliondolewa kwenye kazi za doria, na jeshi lake likapeleka suala hilo kwa chombo huru kinachochunguza mienendo ya polisi. Utetezi wa polisi ulikuwa mmoja: njia nyingine zilishindikana, na usalama wa raia ulikuwa hatarini.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, ambako mbuzi hukatiza barabara kuu na basi zima likasubiri, huenda haya yakaonekana ni makelele ya watu walioshiba. Hata hivyo, mabishano haya ni ya zamani kuliko jeshi la polisi lenyewe. Ukiyafuata tangu mwanzo unakuta chanzo cha tatizo: polisi walikabidhiwa kazi ya kumrudisha mnyama mtoro, ila hawakukabidhiwa ujuzi wake.

ZIZI LA KIJIJI

Kwa karne nyingi vijiji vya Uingereza vilikuwa na zizi la pamoja, la mawe au la mbao, kwa ajili ya mifugo iliyokutwa ikizurura. Mkulima aliyemkuta ng'ombe wa jirani ndani ya shayiri yake aliruhusiwa kumkamata na kumpeleka huko. Mwenye ng'ombe alimkomboa kwa kulipa ada na hasara ya mazao. Kuvunja zizi na kumtoa mnyama kwa nguvu lilikuwa kosa. Mazizi hayo yapo hata leo katika vijiji kadhaa, mengine yakiwa yamegeuzwa bustani ndogo za maua.

Kila zizi lilikuwa na mtu wake, aliyeteuliwa na kijiji. Huyo alizijua alama za masikio, alijua fahali yupi mkorofi na ng'ombe yupi hufuata ndoo ya chakula. Hakuhitaji kumkimbiza mnyama, kwa kuwa alijua anakotoka na anakotaka kwenda.

Hata hivyo zizi halikuwa pepo ya wanyama. Mnyama angeweza kushinda humo na njaa huku watu wawili wakigombania fidia, kila mmoja akisema kulisha ni kazi ya mwenzake. Ndiyo maana sheria za karne ya 19 zikamlazimisha aliyemfungia mnyama amlishe na kumnywesha. Sheria ya kulinda wanyama ya mwaka 1911 ilikwenda mbali zaidi: mnyama akikaa zizini saa 6 mfululizo bila chakula na maji ya kutosha, mtu yeyote aliruhusiwa kuingia na kumpa, na gharama akamdai mwenye mnyama. Hiyo ndiyo ilikuwa sura ya kwanza ya mjadala huu. Swali halikuwa jinsi ya kumkamata, bali ni nani anawajibika kwake akishakamatwa.

FAHALI KATIKATI YA LONDON

Mijini mambo yalikuwa mengine. Hadi katikati ya karne ya 19, nyama ya London iliingia jijini kwa miguu yake yenyewe. Ng'ombe zaidi ya 200,000 na kondoo zaidi ya milioni moja walifika kila mwaka katika soko la Smithfield, mwendo mfupi tu kutoka Kanisa la Mtakatifu Paulo. Waliswagwa katikati ya mikokoteni na wapita njia, usiku na alfajiri, kwa fimbo na mbwa. Ng'ombe aliyetoka kutembea siku nyingi, akapigwa na kutishwa, aliweza kuchomoka na kuingia dukani au kumkanyaga mtu.

Wapo waliofanya balaa hilo kuwa mchezo. Mwaka 1816, Joshua King, kasisi wa Bethnal Green mashariki mwa London, alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge iliyochunguza hali ya ulinzi jijini. Alieleza jinsi vijana wa parokia yake walivyokuwa wakimtenga fahali kutoka kundini na kumkimbiza mitaani hata siku ya Jumapili, karibu kabisa na kanisa, huku walinzi wa mtaa wakitazama. Lawama wakati ule ilikuwa kinyume cha ya leo. Watu waliwalaumu wenye dhamana ya usalama kwa kutofanya lolote mnyama akikimbizwa. Leo wanawalaumu kwa kuwa wao ndio wakimbizaji.

Miaka michache baadaye, mbunge Richard Martin wa Galway alipitisha sheria ya mwaka 1822 iliyokataza ukatili kwa ng'ombe, kondoo na farasi. Mwaka 1824 yeye na wenzake wakaanzisha chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama, ambacho leo kinajulikana kama RSPCA. Jeshi la polisi la London likafuata mwaka 1829. Tazama mpangilio huo: London ilikuwa na sheria ya kumlinda ng'ombe kabla haijawa na jeshi hilo la polisi. Askari wa mwanzo walikuta barabara zimejaa mifugo, na kuisimamia ikawa sehemu ya kazi yao ya kila siku.

Mwaka 1855 soko la mifugo hai likahamishiwa Islington, nje kidogo ya katikati ya jiji, na reli ikaanza kufanya kazi iliyokuwa ya waswagaji. Taratibu ng'ombe wakatoweka machoni pa watu wa mjini, na pamoja nao wakatoweka watu waliojua kuwaswaga. Askari wa kizazi cha baadaye alikua akimwona ng'ombe kwenye picha tu.

SHERIA INAYOISHIA KITUONI

Jambo moja katika sheria za Uingereza liliwashangaza wengi. Kwa muda mrefu mwenye shamba kando ya barabara hakuwa na wajibu wa kuweka uzio ili kuzuia mifugo yake isiingie barabarani. Katika miaka ya 1940 mwendesha baiskeli mmoja aligongana usiku na farasi aliyetoroka, akashtaki, shauri likafika hadi kwa majaji wa Baraza la Malodi. Alishindwa. Majaji walishikilia kanuni ya zamani, iliyotoka enzi za barabara zisizo na magari.

Bunge liliifuta kanuni hiyo kwa Sheria ya Wanyama ya mwaka 1971. Sheria hiyohiyo ilifuta utaratibu wa kale wa kukamata mifugo na kuweka mwingine. Sasa mwenye ardhi aliyeingiliwa na mifugo anaweza kuizuia, lakini ndani ya saa 48 lazima awe amemjulisha mkuu wa kituo cha polisi, pamoja na mwenye mifugo kama anamjua. Zikipita siku 14 bila kudaiwa, anaweza kuiuza mnadani. Sheria ya barabara ya mwaka 1980 nayo ikamfanya mfugaji ambaye mnyama wake amekutwa akizurura barabarani kuwa na kosa, na kumlipisha gharama za kumwondoa.

Kwa hiyo njia zote zikaelekea kituoni. Raia anayemwona ng'ombe barabarani anapiga simu polisi. Anayekuja ni askari wawili wenye gari, redio na pingu.

WATORO MASHUHURI

Katika miaka ya 1990 vyombo vya habari viliingia kwenye sakata hili kwa kishindo. Januari 1998, nguruwe wawili wa aina ya Tamworth walitoroka wakishushwa machinjioni mjini Malmesbury, wakavuka mto Avon kwa kuogelea na kujificha vichakani kwa zaidi ya wiki moja. Gazeti la Daily Mail likawanunua, na nchi ikawapa majina ya majambazi wa sinema, Butch na Sundance. Waliishi hadi uzeeni katika kituo cha wanyama huko Kent.

Marekani ina orodha yake. Mwaka 2002 ng'ombe mmoja aliruka uzio wa machinjio ya Cincinnati, akawachenga wakamataji kwa siku 11, na akaishia kwenye hifadhi ya mifugo New York. Wengine hawakubahatika. Februari 2017, fahali aliyetoroka Queens, New York, alichomwa mishale ya dawa ya usingizi baada ya polisi kumfukuza mitaani kwa muda mrefu, akafa akisafirishwa. Juni 2021, ng'ombe wapatao 40 walitoka machinjioni Pico Rivera, karibu na Los Angeles. Mmoja aliivamia familia, na askari akampiga risasi.

Wakosoaji wana hoja yao. Uingereza huchinja ng'ombe zaidi ya milioni 2 kila mwaka, na anayemlilia mtoro mmoja huenda ana mwenzake kwenye sahani. Hilo ni kweli, lakini halijibu swali la polisi. Hata mla nyama anayo haki ya kuuliza kama mtumishi wa umma ametumia nguvu zaidi ya iliyohitajika.

Polisi nao wana yao. Ng'ombe mzima anaweza kufika kilo 600, na gari lililo kasi likimgonga usiku, dereva huweza kupoteza maisha. Kila mwaka watu kadhaa, wengi wao wafugaji wazoefu, huuawa na ng'ombe nchini Uingereza. Kusubiri nako kuna gharama.

JICHO LA NG'OMBE

Lakini anayekimbizwa anaona nini? Macho ya ng'ombe yako pembeni mwa kichwa, hivyo huona karibu pande zote, isipokuwa nyuma yake kabisa. Mtu au gari linalomjia kutoka hapo limekaa pale asipoona, na jibu lake ni kukimbia au kupiga teke. Ana pia umbali wake wa usalama. Ukiuingia kidogo, upande wa nyuma ya bega, anasogea mbele taratibu; ukiuvamia, anatimka. Tena ng'ombe ni mnyama wa kundi, na akiwa peke yake huwa mwoga na mkali kuliko kawaida. Ving'ora, taa za kumulika na watu wanaopiga kelele humzidishia kiwewe.

Mshale wa dawa ya usingizi nao si muujiza. Dozi hutegemea uzito, dawa huchukua dakika kadhaa kufanya kazi, na mnyama aliyekwisha kupandwa na hofu huweza kuendelea kukimbia akiwa nayo mwilini.

Ushahidi mzuri kuliko wote ulitoka Bavaria, Ujerumani, mwaka 2011. Ng'ombe aitwaye Yvonne alitoroka mwezi Mei kabla ya kuchinjwa, akaishi msituni. Aliponusurika kugongwa na gari la polisi, mamlaka ya wilaya ya Mühldorf iliruhusu apigwe risasi. Wananchi wakapinga, hifadhi ya Gut Aiderbichl ikamnunua, gazeti la Bild likatangaza zawadi ya euro 10,000. Helikopta ikapita juu ya miti bila mafanikio. Hata fahali mtanashati aitwaye Ernst aliletwa kumvuta. Mwanzoni mwa Septemba Yvonne alitoka msituni kwa hiari yake, akajiunga na ng'ombe wa mfugaji mmoja waliokuwa malishoni. Kundi la ng'ombe lilifanya kile ambacho helikopta ilishindwa kufanya.

Waliokuwa wakiswaga mifugo kwenda Smithfield wangelijua hilo bila kuambiwa. Mtoro hurudishwa kwa kuletewa wenzake, kwa vizuizi vya chuma vinavyosogezwa polepole, kwa trela lenye majani ndani, na kwa mtu mmoja mtulivu badala ya kumi wenye haraka. Zipo nyakati ambapo risasi ya mtaalamu ndiyo njia ya mwisho ya haki, hasa mnyama akishamvamia mtu. Bumpa la gari halina nafasi hata katika orodha hiyo, maana halimkamati wala halimwui mnyama upesi.

Kumtwisha dereva mmoja lawama zote ni kukwepa swali. Serikali zilizofuatana ziliwapa polisi wajibu wa zizi la kijiji bila zizi na bila mtu wake. Dawa yake haihitaji fedha nyingi: kila jeshi la polisi liwe na namba za simu za daktari wa mifugo, mfugaji mzoefu na mwenye trela katika kila wilaya, watu waliokubaliana nalo mapema na watakaolipwa wakiitwa usiku. Jeshi lisilojiandaa hivyo limeshaamua litafanya nini simu itakapolia, kwa sababu litatumia lilicho nacho, yaani gari na bunduki.