Mtulinga: mfupa mdogo nyuma ya historia ya baiskeli za milimani

Tarehe 21 Oktoba 1976, kundi dogo la vijana lilifika na baiskeli zao juu ya mlima karibu na mji wa Fairfax, kaskazini mwa San Francisco, California. Barabara waliyokusudia kuishuka ilikuwa ya vumbi na mawe, iliyochongwa kwa ajili ya magari ya zimamoto. Urefu wake ni kama kilomita 3.4, na kutoka juu hadi chini inaporomoka karibu mita 400. Waliachiliwa mmoja mmoja, saa ikihesabu. Alishinda Alan Bonds, na sababu ilikuwa moja tu: yeye peke yake hakuanguka.

Mchezo wa baiskeli za milimani ulizaliwa hivyo. Tangu siku ya kwanza mwereka ndio uliokuwa mwamuzi.

Baiskeli zenyewe zilikuwa mikweche. Vijana wale, wakiwemo Charlie Kelly, Gary Fisher na Joe Breeze, walikuwa wakiokota baiskeli za zamani za kampuni ya Schwinn, za kabla na baada ya vita vya pili vya dunia, zenye matairi manene na uzito unaokaribia kilo 20. Breki ilikuwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, nawe uliifunga kwa kukanyaga pedeli kinyumenyume. Kwenye mteremko ule kitovu kilipata moto hadi grisi ikaungua na kutoka moshi. Ukifika chini ulilazimika kukifungua na kukijaza grisi mpya kabla ya kushuka tena. Kwa Kiingereza kazi hiyo ya kujaza upya huitwa “Repack”, na barabara ikabandikwa jina hilo mpaka leo. Fisher aliishuka kwa dakika 4 na sekunde 22, na hakuna aliyeivunja rekodi hiyo katika mashindano yale. Kinga yao ilikuwa suruali za jinsi, buti na glavu za kazi.

Mashindano yalikatika mwaka 1979, baada ya televisheni kuja kuyapiga picha. Mshindani mmoja asiye na uzoefu alianguka, akavunjika mkono, akakishtaki kituo cha televisheni.

Ili kuelewa kwa nini watu walivunjika vile walivyovunjika, tazama kinachotokea baiskeli inapokwama. Mteremkoni uzito wa mpandaji tayari umeegemea mbele. Gurudumu la mbele likigonga jiwe au likitumbukia kwenye shimo, au mkono ukishika breki ya mbele kwa hofu, baiskeli inasimama lakini mwili unaendelea na safari. Nyuma ya baiskeli inainuka, miguu inang'oka kwenye pedeli, na mtu anapita juu ya usukani. Anatua kwa bega. Kwa miaka mingi wanafunzi wa udaktari walifundishwa kwamba mfupa mmoja wa hapo huvunjika kwa kuanguka na mkono ulionyooshwa. Walipoulizwa majeruhi wenyewe, wengi walisema walitua kwa ncha ya bega.

Mfupa ninaousema ni mtulinga. Gusa pale chini ya shingo, ufuate kwa kidole hadi begani. Ni mwembamba, umepinda kama herufi S, na juu yake hakuna nyama, ngozi tu. Ndio mfupa pekee unaouunganisha mkono mzima na kiwiliwili. Ni miongoni mwa mifupa ya kwanza kuanza kukomaa mtoto akiwa tumboni, na ncha yake ya katikati ya kifua ni ya mwisho kuungana, mtu akiwa na miaka ishirini na kitu. Nguvu yote iliyoingia kwenye bega inapita hapo kuelekea kifuani, na hukatikia katikati, mahali ambapo mfupa ni mwembamba na kano hazijaushika. Hata mama aliyebeba ndoo ya maji begani anajua hapo panavyouma, sembuse mtu aliyetua juu ya mwamba akiwa kasi.

Mganga na mtulinga wana historia ndefu kuliko baiskeli. Mafunjo ya Misri yanayoitwa kwa jina la Edwin Smith, yaliyonakiliwa karibu mwaka 1600 kabla ya Kristo, yanamweleza mtu aliyevunjika mtulinga. Mganga anaagizwa amlaze chali, amwekee kitu kilichokunjwa katikati ya mabega mgongoni, kisha ayavute mabega yote mawili kwa nje hadi mfupa urudi mahali pake, halafu amfunge kwa vitambaa vya kitani na kumtia asali. Katika karne ya 20 bado hospitali zilikuwa zikiwafunga wagonjwa bendeji yenye umbo la namba 8, ikiyavuta mabega nyuma kwa fikra ile ile. Naye Hippocrates wa Ugiriki alieleza jambo ambalo kila mnyoosha viungo wa leo atalikubali: aliyevunjika mtulinga huja kwa kishindo siku ya kwanza, lakini maumivu yakitulia na akiona hazuiwi kutembea wala kula, huacha kufuata masharti.

Wengi walipona hivyo hivyo, wakabaki na nundu begani. Si wote. Februari 1702 mfalme William wa Tatu wa Uingereza aliangushwa na farasi aliyejikwaa, akavunjika mtulinga, na kufikia tarehe 8 Machi alikuwa amefariki kwa ugonjwa wa mapafu. Mwaka 1850 Robert Peel, aliyekuwa waziri mkuu wa nchi hiyo hiyo, aliangushwa na farasi jijini London. Mtulinga ulivunjika, damu ikavuja chini yake, na siku tatu baadaye akafa. Chini ya mfupa huu unapita mshipa mkubwa wa damu wa mkono pamoja na neva zake. Ndiyo maana daktari akikuona umeshika bega, kwanza anapapasa mapigo kwenye kifundo cha mkono na kukuuliza kama vidole vina ganzi.

Vijana wa Repack walipoanza kuanguka, madaktari wengi walikuwa na imani moja: usiuguse. Imani hiyo iliimarishwa mwaka 1960 na Charles Neer wa New York. Alihesabu wagonjwa 2,235 waliotibiwa bila kisu, akakuta watatu tu ambao mfupa haukuunga. Kati ya 45 waliopasuliwa, wawili hawakuunga. Hesabu iliongea kwa sauti kubwa kiasi kwamba kwa zaidi ya miaka 40 aliyevunjika alifungiwa mkono shingoni na kuambiwa arudi nyumbani. Baadaye wakosoaji walionyesha kwamba watoto walikuwa wengi mno katika hesabu za zama hizo, na mfupa wa mtoto huunga karibu wenyewe. Mtu mzima aliyepaa juu ya usukani hana mfupa huo.

Wakati hospitali ikisubiri, mafundi hawakusubiri. Hapa ndipo historia hii inaponivutia zaidi, kwa sababu karibu kila kifaa kilichobadilishwa kwenye baiskeli kilikuwa jibu kwa namna fulani ya kuanguka. Breeze, ambaye mwaka 1977 alikuwa ameunda fremu ya kwanza iliyokusudiwa milimani, alirudi mwaka 1984 na kitu kidogo sana: springi ya kiti. Yeye na Josh Angell waliibuni ili mpandaji afungue kishikizo, akikandamize kiti kishuke, na akimaliza mteremko kijiinue chenyewe. Kiti kikishuka, mwili nao unashuka na kurudi nyuma ya ekseli ya mbele, na kumrusha mtu juu ya usukani kunakuwa kugumu. Vijana wa leo hubonyeza kitufe kwenye usukani na kiti kinazama. Wengi wao hawajui kwamba wazo hilo lilitoka kwa mtu aliyejifunza mteremko kwenye vumbi la Fairfax.

Mwaka 1989 Paul Turner alileta foki ya mbele yenye hewa na mafuta, RockShox, inayomeza jiwe badala ya kulipigia mwili. Mwaka uliofuata, katika mashindano rasmi ya kwanza ya dunia mjini Durango, Colorado, Greg Herbold alishinda mbio za mteremko akiitumia. Baadaye zikaja breki za diski, usukani mpana na fremu ndefu. Lakini wapandaji waliutumia usalama huo kwenda kasi zaidi. Mteremko ukaongezwa miruko na miamba, na mitulinga ikaendelea kukatika.

Kule Durango kulikuwa na bingwa mwingine ambaye kisa chake kinakwenda kinyume. Juli Furtado alikuwa mtelezaji wa theluji katika timu ya taifa ya Marekani, na magoti yake yalipasuliwa mara kadhaa hadi akaiacha theluji. Baiskeli ilimjia kama dawa. Goti lililoshonwa linahitaji kukunjwa na kunyooshwa maelfu ya mara bila kubebeshwa uzito wa mwili, na pedeli hufanya hivyo. Mwaka 1990 akawa bingwa wa dunia wa mbio za nyika, mwaka 1992 akashinda na za mteremko.

Upande wa upasuaji, mabadiliko yalikuwa yameanza Uswisi. Mwaka 1958 madaktari wa huko, Maurice Müller akiwa miongoni mwao, waliunda umoja wenye fikra iliyoshtua wengi: mfupa uliovunjika ushikwe imara kwa bamba na skrubu, kisha mgonjwa aanze kusogeza kiungo mapema. Kabla ya hapo mtu alilazwa wiki nyingi kwenye hogo, na hogo lilipofunguliwa mfupa ulikuwa umeunga lakini misuli imenyauka na kiungo kimekakamaa. Mtulinga ulichelewa kuipokea fikra hiyo. Mwaka 2007 madaktari wa Kanada walitangaza matokeo ya utafiti wa wagonjwa 132, waliogawanywa kwa bahati nasibu kati ya bamba na kitambaa. Kwa waliowekewa bamba mfupa uliunga kwa wastani wa wiki 16.4, kwa wa kitambaa, wiki 28.4. Katika wale waliofuatiliwa hadi mwisho, haukuunga kwa wawili kati ya 62 wa bamba na kwa saba kati ya 49 wa kitambaa. Kisu nacho kina gharama yake, kwani wapo waliopata usaha na wapo ambao vyuma viliwasumbua chini ya ngozi. Ndiyo sababu mvunjiko ambao vipande havijapishana bado unaachwa na kitambaa, na ni haki.

Bamba linashika mfupa, haliuungi. Kuunga kunafanywa na mwili kwa mwendo wake: kwanza damu inaganda mahali palipokatika, ndani ya wiki mbili tatu kunatanda kitu laini kama gegedu, kisha kinakomaa kuwa mfupa, na kuchongeka upya kunachukua miezi na hata miaka. Hatari iko katikati, pale maumivu yameisha na mfupa bado. Hippocrates aliwaona wagonjwa waliofika hapo.

Kuna pia jeraha ambalo eksirei hailionyeshi. Mpandaji aliyepona anarudi kwenye mteremko, macho yanaganda kwenye lile jiwe, vidole vinakaza breki, mwili unakakamaa, na baiskeli inakwenda pale macho yalipo. Makocha wengi humrudisha polepole, kwenye njia nyepesi kwanza. Naamini kazi hii inastahili heshima sawa na ya mpasuaji.

Mlolongo wa Repack ulifika hadi kwetu. Fremu ambazo Fisher na Kelly waliuza tangu mwaka 1979 ziliundwa na Tom Ritchey. Mwaka 2005 Ritchey alifika Rwanda, akawaona watu wakishusha mizigo milimani kwa baiskeli za mbao, ndugu wa chukudu za Goma ambazo breki yake ni kipande cha tairi kinachokandamizwa kwa mguu. Akaanzisha mradi wa baiskeli ndefu za kubebea kahawa, na timu ya waendesha baiskeli ikakua hapo. Agosti 2012, katika Olimpiki ya London, Adrien Niyonshuti aliiwakilisha Rwanda kwenye mbio za milimani na kumaliza wa 39.

Lakini kuna kuanguka ambako hakuna bamba la kukutibu. Tara Llanes alizaliwa mwaka 1976, mwaka ule ule wa Repack ya kwanza, akawa mmoja wa wapandaji wakali wa mteremko wa Marekani. Septemba 2007, Beaver Creek, Colorado, alipaa juu ya usukani katika mashindano na uti wa mgongo ukaumia. Akapooza miguu. Daktari wa Afrika Kusini, Chris Leatt, aliyemshuhudia mwenzake wa pikipiki akifa mwaka 2001, alikuwa tayari amebuni kola ngumu ya kukinga shingo, na wapandaji wengi wa mteremko wameivaa. Daktari wa ubongo wa Stockholm, Hans von Holst, pamoja na Peter Halldin, waliunda tabaka linaloteleza ndani ya helmeti ili kupunguza ule mzunguko unaoukorofisha ubongo. Kwa uti uliokwisha kukatika, bado hakuna fundi aliyefika.

Mwaka 2021, kwa Olimpiki, Japani iliwapokea wapandaji waliotoka kuvunjika. Tarehe 31 Mei mwaka huo Tom Pidcock wa Uingereza aligongwa na gari akiwa mazoezini, mtulinga ukavunjika. Aliwekewa bamba, na siku 56 baada ya ajali, tarehe 26 Julai, alitwaa dhahabu ya Olimpiki kwenye milima ya Izu. Mathieu van der Poel wa Uholanzi, aliyetarajiwa kumtesa, alianguka mapema kwenye mruko mmoja, akidhani ubao aliouona mazoezini bado upo. Kesho yake Jolanda Neff wa Uswisi akashinda kwa wanawake. Desemba 2019 aliwahi kuanguka hadi wengu ukapasuka, pafu likasinyaa na ubavu kuvunjika. Juni 2021 akavunjika mkono.

Agosti mwaka huo, viwanja vikiwa vimegeuzwa vya Paralimpiki, timu ya wanawake ya Kanada ya mpira wa kikapu iliingia uwanjani Tokyo. Miongoni mwao alikuwamo Tara Llanes, ambaye sasa aliichezea nchi hiyo, miaka 44, kwenye kiti chenye magurudumu mawili makubwa, akiyasukuma kwa mabega yake.