Waliandamana Kimya, Rais Hakuonekana

Julai 28, 1917, watu weusi wapatao 10,000 waliandamana katika barabara ya Fifth Avenue, New York, bila wimbo wala kelele. Watoto walitangulia, wanawake wakafuata, wote wamevaa nguo nyeupe; wanaume wakaja nyuma na suti zao nyeusi. Kilichosikika ni ngoma tu, zikipigwa kwa sauti ya chini kama za mazishini. Waliosema ni mabango, na moja lilimuuliza Rais kwa nini asiifanye Marekani yenyewe iwe salama kwa demokrasia.

Swali lilimlenga penyewe. Mwezi Aprili mwaka huohuo, Rais Woodrow Wilson aliliomba Bunge litangaze vita dhidi ya Ujerumani, akidai kwamba dunia lazima iwe salama kwa demokrasia. Waandamanaji walimrudishia kauli yake mwenyewe.

Kilichowatoa majumbani ni mauaji ya East St. Louis, mji wa viwanda jimboni Illinois. Vita vilikuwa vimepunguza wahamiaji kutoka Ulaya, na maelfu ya watu weusi wakatoka majimbo ya Kusini kutafuta kazi. Wazungu waliogoma katika kiwanda cha Aluminum Ore waliwaona kuwa wavunja mgomo. Usiku wa Julai 1, wazungu waliokuwa ndani ya gari walipita mitaa ya weusi wakifyatua risasi. Gari jingine lilipotokea, wakazi walilimiminia risasi. Kumbe lilikuwa la polisi, na wapelelezi wawili wakapoteza maisha.

Kulipokucha, magenge ya wazungu yaliwashusha watu weusi kwenye tramu na kuwapiga, yakachoma nyumba, kisha yakawapiga risasi waliokimbia moto. Askari wa jimbo walikuwapo. Baadhi yao walitazama tu. Hesabu rasmi ilitaja watu weusi 39 waliouawa, lakini W.E.B. Du Bois na Martha Gruening, waliotumwa kuchunguza na NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, waliamini idadi ilikuwa kubwa zaidi. Mwandishi Ida B. Wells naye alifika moshi haujaisha, akafuatana na wanawake waliorudi kuokoteza vilivyosalia katika nyumba zao, akiandika walichomsimulia.

Agosti 1, ujumbe kutoka Harlem, mtaa wa New York, ulifika Ikulu ya Washington. Miongoni mwao walikuwa mwandishi James Weldon Johnson na Madam C.J. Walker, tajiri wa vipodozi vya nywele. Katibu wa Rais, Joseph Tumulty, aliwaambia mkuu ana shughuli: muswada wa chakula cha mifugo. Wakaacha hati yao, wakiomba serikali kuu iyafanye mauaji ya magenge kuwa kosa chini ya sheria ya shirikisho.

Jibu la serikali kuu lilikuwa kwamba hayo ni mambo ya jimbo. Ajabu ni kwamba Juni 5 serikali hiyohiyo iliwaandikisha vijana wa nchi nzima kwa ajili ya jeshi, weusi wakiwemo, na hapo mipaka ya majimbo haikuizuia.

Wilson alilaani magenge hadharani Julai 1918, karibu mwaka mzima baadaye. Mbunge Leonidas Dyer wa St. Louis alikwisha kuwasilisha muswada wa kuyafanya mauaji ya magenge kosa la shirikisho. Baraza la Wawakilishi likaupitisha Januari 1922, lakini maseneta wa Kusini wakaukwamisha kwa hotuba zisizokwisha. Sheria ya kuyafanya mauaji hayo kosa la shirikisho ilitiwa saini Machi 2022.